Kurudi Darasani Ukubwani: Mwongozo Kamili wa Kusoma Sanaa Bagamoyo

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi, familia na umri, ambaye hana mpango wa kuuza picha hata moja ila anataka kuielewa sanaa. Anasimama mbele ya mlango wa nakshi, kinyago cha mpingo au picha ya rangi ya mtindo wa Tingatinga, anahisi kuna jambo linasemwa pale, na halimfikii. Amejaribu vitabu. Amepata majina na miaka, lakini jicho limebaki lilelile.

Msimamo wangu ni mmoja, na kila hatua hapa chini imesimama juu yake: mtu mzima huielewa sanaa kwa kupitia mkono. Kaa saa mbili ukichora kiganja chako cha kushoto, kidole gumba kikatae kukaa mahali pake, na kesho yake utakitazama kinyago cha Kimakonde kwa macho mengine kabisa. Sasa unajua mchongaji alikuwa na mambo mangapi ya kuamua, na unaona aliamua nini. Ndiyo maana nashauri shule. Video za mtandaoni ni nzuri, lakini haziwezi kusimama nyuma yako zikakwambia kwamba umechora jicho unalolijua kichwani, si jicho lililoko mbele yako.

Bagamoyo naichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Sanaa za ufundi, yaani uchoraji, uchongaji na ndugu zake, zinasomwa pale jirani na ngoma, muziki na maigizo, na ujirani huo una faida nitakayoieleza. Pili, mji wenyewe una vitu vya kutazama vya karne kadhaa, na vyote unavifikia kwa miguu au kwa baiskeli.

Hatua ya kwanza: andika kilichokushinda

Usianze na fomu ya maombi. Chukua karatasi uandike kazi tatu za sanaa ulizowahi kuziona zikakushinda, na kwa kila moja andika swali lako bila aibu. Kwa nini wanyama wa Tingatinga hawana kivuli? Kwa nini shetani wa vinyago vya Kimakonde ana jicho moja na mkono unaotokea mgongoni? Kwa nini mlango huu una nakshi nzito juu, na ule wa jirani una upinde?

Maswali hayo ndiyo yatakayokuchagulia somo. Mwenye swali la shetani aende kwenye uchongaji, hata kama hajawahi kushika tezo wala patasi. Mwenye swali la Tingatinga aende kwenye uchoraji na rangi. Nimeona watu wazima wakichagua somo wanaloliona jepesi kwa umri wao, kisha wakakaa darasani na swali lao halisi likibaki nje ya mlango. Karatasi hiyo itunze, utaihitaji tena.

Hatua ya pili: chagua njia ya kuingilia

Kuna njia mbili kuu. Moja ni kozi fupi, isiyodai vyeti vingi. Nyingine ni masomo rasmi chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi: cheti cha awali, kisha cheti, kisha stashahada, kila ngazi kwa kawaida mwaka mmoja. Ngazi ya kwanza huhitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne. Umri si kizuizi.

Ushauri wangu kwa mtu mwenye ajira ni kuanza na kozi fupi. Sheria ya ajira Tanzania Bara inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na siku hizo zinatosha kabisa kujua kama una subira ya kukaa mbele ya kitu kimoja asubuhi nzima. Kabla ya kuomba likizo hiyo, piga simu chuoni au nenda mwenyewe, uulize kozi inaanza lini, inachukua watu wangapi na nani anafundisha. Omba pia kuiona karakana. Chumba ambacho kuta zake zina michoro ya wanafunzi yenye makosa na masahihisho kinakuambia mengi kuliko kipeperushi.

Ukishapima moyo wako, ndipo ufikirie mwaka mzima. Hapo utahitaji ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Maneno ya mdomo ya bosi wa leo hayatamfunga bosi wa kesho.

Hatua ya tatu: nyaraka

Hapa ni haraka. Tafuta cheti cha kidato cha nne mapema. Kama kimepotea, anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha fuata utaratibu wa Baraza la Mitihani. Kama jina la cheti halilingani na la kitambulisho cha taifa, jambo la kawaida kwa wanawake walioolewa na kwa wengi waliobatizwa au kusilimu ukubwani, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo au ya kubadili jina. Fanya haya miezi kadhaa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Hatua ya nne: fedha, na mazungumzo ya nyumbani

Mazungumzo yaje kwanza. Mwenzi wako atauliza, "Sanaa? Umri huu? Itatuletea nini?" Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa ndoto za maonyesho Ulaya. Sema ukweli: haitaleta fedha, itachukua muda huu na fedha hizi, na majukumu yangu haya atayashika fulani kwa kipindi hiki. Kaeni na kalamu. Mtu anayeonyeshwa hesabu kamili hukubali kwa urahisi zaidi kuliko anayebembelezwa.

Katika hesabu weka ada, pango, chakula, nauli ya kurudi nyumbani mwisho wa juma, na vifaa. Fungu la vifaa ndilo watu hulisahau, nalo halilipwi mara moja likaisha. Karatasi na rangi vinaliwa kila wiki. Mwenye chumba anaweza kukutaka pango la miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye ana lake. Kwa kozi fupi, kwanza uliza chuoni kama kuna malazi au wenyeji wanaopokea wageni.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70, na kosta zinapita Tegeta na Bunju kutwa. Kwenda na kurudi kila siku kunawezekana, ila nakusihi usifanye hivyo. Foleni itakula saa ambazo mchoraji anazihitaji kuliko zote: asubuhi mapema na kuanzia alasiri hadi magharibi, jua linapolala na kila nakshi ikapata kivuli. Saa sita mchana ukuta wa matumbawe ni mweupe mtupu. Saa kumi na moja jioni unasomeka wote.

Hatua ya tano: vifaa

Anza na vichache. Penseli za HB, 2B na 6B, kifutio, wembe wa kuchongea, daftari la michoro unaloweza kulishika kwa mkono mmoja, karatasi kubwa za bei nafuu, ubao wa hadibodi wa kuegemeza, na klipu mbili. Rangi zisubiri mpaka mwalimu aseme.

Mkaa wa kuchorea usinunue, utengeneze. Kata vijiti vya mti laini visivyozidi unene wa penseli, vimenye ganda, vikaushe, uvipange vimebanana ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Toboa tundu moja dogo kwenye mfuniko, kisha weka kopo juu ya jiko lenye moto mkali, nje ya nyumba. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, ondoa kopo na usilifungue mpaka lipoe kabisa, maana hewa ikiingia mapema vijiti vitawaka na kuwa majivu. Mkaa huo ni laini, unafutika kwa kitambaa, na una faida kubwa kwa mtu mzima mwoga: kosa lake halidumu, kwa hiyo mkono unathubutu.

Hatua ya sita: wiki za mwanzo

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo penye uelewa wenyewe. Mwalimu atakuwa na utaratibu wake, ufuate. Lakini mazoezi manne yafanye hata asipokuagiza, na ujue kila moja linakufungulia nini.

La kwanza, chora kitu bila kuitazama karatasi. Jicho litembee polepole ukingoni mwa jani, kikombe au kiatu, na penseli itembee kwa mwendo uleule. Mchoro utatoka kituko, nao si ndio unaotafutwa. Unachotafuta ni kugundua jinsi jicho lako linavyoruka. Kwa miaka mingi limezoea kutambua kitu na kukiacha: hiki kiatu, basi. Zoezi hili linalilazimisha likae.

La pili, chora nafasi tupu. Weka kiti mbele yako na usichore kiti. Chora maumbo ya hewa yaliyo kati ya miguu yake. Ukimaliza, kiti kitakuwa kimejitokeza chenyewe, na mara nyingi kwa uwiano sahihi kuliko ungekichora moja kwa moja. Sasa rudi kwenye kinyago cha mpingo chenye matundu na viungo vilivyopishana. Utaona kwamba mchongaji amechonga pia hewa iliyo kati ya mkono na mwili, na kwamba matundu yale yana maumbo yaliyokusudiwa.

La tatu ni mwanga na kivuli. Gawa ukanda wa karatasi vyumba vitano, kutoka weupe hadi weusi kamili wa mkaa. Kisha weka yai au chungu karibu na dirisha uchore kwa toni hizo tano tu, bila mstari wowote wa ukingoni. Utashangaa kukuta upande wa kivuli una mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani. Ukishaliona hilo kwenye yai, utaliona kwenye uso wa kila mtu utakayezungumza naye jioni hiyo. Na hapo swali la Tingatinga linageuka: kumbe kuacha kivuli ni uamuzi. Rangi iliyotandazwa bila kivuli inakaa mbele, inang'aa, haimwiti mtazamaji aingie ndani ya picha bali inamfuata alipo.

La nne linawezekana Bagamoyo kuliko mahali pengi. Wanafunzi wa ngoma wanapofanya mazoezi, omba ruhusa, kaa pembeni na daftari, uchore miili inayokwenda, kila mchoro kwa muda usiozidi nusu dakika. Hutapata vidole wala nyuso. Utapata mstari wa uti wa mgongo, uzito ulipoangukia, kiuno kinavyopinga mabega. Mahali hapa ndipo alipofundisha marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa ala za ilimba na zeze kutoka Ugogoni, na mapigo ya namna hiyo bado yanasikika. Anayechora huku ngoma inalia, mkono wake huanza kufuata pigo, na mistari yake inapata mwendo ambao hakuna maelezo ya darasani yatakayompa. Hiyo ndiyo faida ya ujirani niliyoisema.

Kila mchoro uandike tarehe. Usitupe hata mmoja.

Hatua ya saba: umri darasani

Mwalimu anaweza kuwa mdogo kwako kwa miaka kumi na tano. Atakuamkia shikamoo mlangoni, utaitikia marahaba, na dakika mbili baadaye atakuambia mchoro wako umelala upande. Pokea yote mawili. Mwite Mwalimu, daima, na usimwambie habari za cheo chako kazini. Wanafunzi wenzako watakuita mama, anko au mzee, na watataka kukupisha kiti cha mbele na kukubebea ubao. Heshima hiyo ni nzuri ila ina hatari yake: wataogopa kukukosoa. Siku ya kwanza waambie wazi, "Wanangu, kwenye karatasi hakuna mkubwa, niambieni mnachokiona." Kisha wakikuambia, nyamaza na usijitetee.

Vijana watakushinda kwa kasi ya mkono. Wewe una kitu ambacho bado wanakitafuta: umeona mazishi, kuzaliwa, madeni na kusamehewa, na unajua uso wa mtu aliyechoka unavyokaa. Mkono hupata kasi kwa mazoezi.

Hatua ya nane: mji uwe darasa la pili

Tenga alasiri moja kila wiki kwa Mji Mkongwe. Tembea Mtaa wa India na uchague mlango mmoja, mmoja tu, uurudie kwa wiki kadhaa. Salimia wenye nyumba, eleza unachofanya, omba idhini. Mlango ni wa watu. Anza na umbo kubwa: juu ni mraba au upinde? Milango yenye upinde huhusishwa na ladha ya Kihindi, hasa ya Gujarati, na ya mraba na ile ya kale zaidi ya pwani na Uarabuni. Kisha chora mfaa, ule mti wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili, halafu fremu. Utakutana na mnyororo, maua, mtende, pengine samaki. Watu watakupa maana ya kila kimoja kwa uhakika mkubwa. Sikiliza, andika, lakini kwanza chora, kwa sababu mchongaji alikuwa na tatizo jingine la kutatua ambalo maana haikuambii: pambo linalojirudia liishie vipi kwenye kona bila kukatika? Itazame kona. Ustadi wa fundi unaonekana pale.

Kaole iko kama kilomita tano kusini mwa mji. Kuna magofu ya misikiti na makaburi ya matumbawe na chokaa, ya tangu zama za kati, na nguzo za makaburi zilizowahi kuchomekwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Chora nguzo moja na mashimo ya bakuli hizo. Hakuna sanamu ya mtu pale, hakuna picha, na bado kila kitu kimepangwa kwa ajili ya jicho: kimo, weupe, duara moja lenye kung'aa juu. Hapo somo la mpangilio linaingia bila mhadhara.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ina makumbusho na miti mikubwa ya kivuli. Siku ya joto nenda huko. Ufukweni nenda asubuhi, ngalawa zinapoingia. Hakuna zoezi bora la mistari iliyopinda kuliko ubavu wa ngalawa uliopakwa mafuta. Na kama muda wako unaangukia wakati wa tamasha la kila mwaka la TaSUBa, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, acha vyote ukae na daftari usiku kucha.

Hatua ya tisa: historia, kwa kulinganisha

Sasa vitabu vinaruhusiwa. Usisome kwa kufuata karne. Soma kwa kuweka wasanii wawili mezani.

Anza na Sam Ntiro na Edward Saidi Tingatinga. Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro mwaka 1923, alisoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, akaendelea katika Slade School jijini London, akafundisha, akawa pia balozi wa nchi yetu Uingereza. Tingatinga, mtu wa Tunduru, hakupita chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli juu ya hadibodi, na akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka minne, na mtindo wake ukabaki kwa ndugu na wanafunzi wake mpaka leo.

Weka picha zao pamoja, kisha jiulize shule ilimpa Ntiro nini, maana naye, baada ya London, aliendelea kuchora migomba, mashamba na watu wa vijijini kwa maumbo mepesi, bila kujishughulisha na kuonyesha umbali kwa kanuni za Ulaya. Jibu langu ni kwamba shule ilimpa uhuru wa kukataa akijua anachokikataa. Tingatinga alifika kwenye wepesi wake kwa njia nyingine: bodi ya mraba, rangi isiyochanganyika vizuri, mnunuzi wa kando ya barabara. Usiniamini, nakili picha moja ya kila mmoja kwa mkono wako, uone.

Ukimaliza hao, nenda kwa Wamakonde. Sanamu za watu waliobebana kama mnara, ambazo Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wake, zilichongwa kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ingawa leo tunaziita Ujamaa. Liangalie gogo lenyewe la mpingo, moyo mweusi na ganda la nje la rangi hafifu, halafu fikiria ungeweka wapi kichwa cha kwanza.

Hatua ya kumi: kukosoa na kukosolewa

Siku ya kutundika kazi ukutani, shika utaratibu huu hata kama wengine hawaushiki. Kwanza taja kilichopo: mstari mzito hapa, weusi pale, nafasi hii imeachwa. Pili, sema jicho lako lilianzia wapi na likaenda wapi. Tatu, sema mchoraji alikuwa anatafuta nini, kwa unavyoona. Kupenda au kutopenda kuje mwisho, na kunaweza kuachwa kabisa. Utaratibu huu ndio utakaoutumia baadaye kwenye makumbusho yoyote, mbele ya kazi ya mtu yeyote.

Baada ya kozi

Ile karatasi ya maswali matatu itoe. Andika majibu upya, kisha andika maswali mapya. Yatakuwa marefu na mahususi zaidi. Ukiwa Dar es Salaam, yapeleke Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho, na kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni, ambako utawakuta wasanii wakiwa kazini na unaweza kuwauliza. Anayetaka kuendelea hadi shahada ajue kwamba stashahada yenye wastani wa alama (GPA) wa angalau 3.0 ndiyo mlango wa kawaida wa chuo kikuu, kwa hiyo asidharau masomo ya nadharia.

Na tafuteni siku moja ya mwezi, wewe na wenzako wawili watatu wa darasa, mkutane mahali penye kivuli. Kila mmoja aje na ubao wake. Choreni saa mbili bila mazungumzo, kisha tandazeni michoro chini, na mdogo kuliko wote aanze kusema anachokiona.